Diablo II kwa anayeanza: kutoka kambini hadi kwa Baal bila kuharibu mhusika wako

Maswali ni yale yale kila wiki. Nianze na mhusika yupi? Pointi niziweke wapi? Mbona bosi Duriel ananimaliza kabla sijapepesa macho? Nimepachika rune (kijiwe cha uchawi) kwenye deraya, mbona hakuna kilichotokea? Nimewajibu watu mmoja mmoja kwa muda mrefu, na sasa nimeona heri niyaandike yote pamoja, kwa mpangilio wa safari yenyewe, mpaka kwa Baal, bosi wa mwisho.

Diablo II, mchezo wa kuwinda majini, ilitoka Juni 2000 kwa ajili ya kompyuta za nyumbani, ikiwa mwendelezo wa Diablo ya kwanza. Mwaka 2001 ikaongezewa Lord of Destruction, iliyoleta sehemu ya tano ya safari pamoja na wahusika wawili. Septemba 2021 ikarudi kwa sura mpya kwa jina la Diablo II: Resurrected. Chini ya picha mpya, mchezo ni ule ule: unabofya, unakata, unaokota, unarudi mjini kuuza, unatoka tena. Mwongozo huu unafaa kwa Resurrected na pia kwa toleo la zamani lenye Lord of Destruction na marekebisho yake ya 1.13 au ya baadaye.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo. Wageni wengi hawashindwi kwa sababu vidole vyao ni vizito. Wanashindwa kwa sababu wametapanya pointi na wamesahau kinga. Mhusika wangu wa kwanza alikuwa Sorceress, nikampa pointi moja ya moto, moja ya barafu, moja ya radi, kila kitu kidogo kidogo. Tulifika jangwani akawa hawezi kuua hata mende. Miaka ile hapakuwa na njia ya kurudisha pointi, nikalazimika kuanza upya baada ya wiki tatu za kucheza. Sitaki yakukute.

KABLA HUJAANZA

Kompyuta. Resurrected inataka angalau Windows 10 ya biti 64, RAM ya GB 8, nafasi ya GB 30 kwenye diski na kadi ya picha ya kiwango cha GTX 660 au zaidi. Mashine yako ikiwa dhaifu kuliko hapo, toleo la zamani ni jepesi mno: lilitengenezwa kwa kompyuta zenye RAM ya MB 32.

Intaneti ya kupakulia. GB 30 si mzaha kwa anayetumia bando la simu. Kama mtandao wako una bando nafuu la usiku, pakua usiku, na usianze kupakua bando likiwa limebaki nusu.

Kipanya halisi. Padi ya kugusa ya laptopu itakuchosha mkono ndani ya saa moja, na itakuua mbele ya bosi wa kwanza.

Daftari dogo na kalamu. Utaandika rune ulizo nazo na mapishi yake. Ukitegemea kumbukumbu, utauza kitu utakachokihitaji kesho.

Halafu kuna maamuzi mawili ambayo hayabadiliki baadaye. La kwanza: mhusika wa mtandaoni na mhusika wa nje ya mtandao hawahami kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kama intaneti yako inakatika katika, tengeneza mhusika wa nje ya mtandao. La pili: usiweke alama kwenye Hardcore. Humo ukifa mara moja, umekwisha, mhusika harudi tena.

HATUA KWA HATUA

1. Chagua Necromancer

Wahusika saba wa asili ni Amazon, Barbarian, Necromancer, Paladin, Sorceress, Assassin na Druid. Wote wanafika mwisho, lakini kwa anayejifunza napendekeza Necromancer wa mifupa. Anafufua askari kutoka kwenye maiti za maadui, nao wanasimama mbele yake na kupigana kwa niaba yake. Wewe unabaki nyuma, unaona uwanja wote, unajifunza majini yanavyokwenda bila kupigwa kila sekunde. Tena hategemei silaha nzuri. Barbarian mwenye panga bovu anateseka. Necromancer mwenye nguo za kuokota anaendelea kutembea.

2. Panga vitufe kabla ya kutoka kambini

Unaanza katika Rogue Encampment. Usitoke bado. Bofya alama ya ujuzi iliyo chini kulia, elekeza kipanya kwenye Raise Skeleton, kisha bonyeza F1. Kuanzia hapo F1 inakuletea ujuzi huo kwenye kitufe cha kulia cha kipanya. Kila ujuzi mpya utaupa kitufe chake.

Vitufe vingine vya kukariri ni hivi. Alt inaonyesha majina ya vitu vilivyoanguka chini. Tab inafungua ramani. Shift ukiishikilia unapiga ukiwa umesimama palepale badala ya kumkimbilia adui. Namba 1 hadi 4 zinakunywesha dawa zilizo kwenye mkanda. Shift pamoja na namba inamnywesha mamluki wako, na hili wengi hulijua wakiwa wameshamzika mara kumi.

3. Maliza Den of Evil

Pango hili liko kwenye nyika ya kwanza, Blood Moor. Ua adui wa kwanza, bofya kulia maiti yake ukiwa na Raise Skeleton, umepata askari. Fimbo unayoanza nayo tayari ina pointi moja ya ujuzi huo, kwa hiyo huna haja ya kusubiri.

Safisha pango lote, urudi kambini kwa kuhani Akara. Anakupa pointi moja ya ujuzi, na pia anakufungulia nafasi ya kurudisha pointi zako zote na kuzipanga upya. Nafasi hii ni moja kwa kila ngazi ya ugumu (Normal, Nightmare na Hell).

Onyo: usiitumie nafasi hiyo kwa kujaribu jaribu. Haina haraka, itakungoja. Itunze mpaka siku utakapokuwa na uhakika umekosea.

4. Weka pointi kwa nidhamu

Kila ukipanda kiwango unapata pointi 5 za mwili na pointi 1 ya ujuzi.

Pointi za mwili ni rahisi. Strength iwe ya kutosha kuvaa nguo unazotaka, basi. Zinazobaki zote peleka Vitality, maana hiyo ndiyo damu. Energy usiipe hata moja. Mana, nishati ya kurushia ujuzi, itakusumbua viwango vya mwanzo, lakini dawa za bluu zinaokotwa kila mahali, na pointi uliyoitia huko ni damu uliyojinyima katika ngazi za juu.

Pointi za ujuzi: Raise Skeleton ndiyo shina, ijaze mpaka 20. Njiani toa pointi moja moja kwa hizi:

Skeleton Mastery, inayowaongezea askari damu na nguvu.

Amplify Damage, laana inayomfanya adui aumie maradufu kwa mapigo ya kawaida. Elekeza, rusha, kisha tazama askari wako wanavyofyeka.

Clay Golem ukifika kiwango cha 6. Huyu wa udongo anampunguzia kasi kila anayempiga, na ndiye atakayekuokoa kwa mabosi.

Teeth, kwa sababu tu ndiyo mlango wa kuingilia Corpse Explosion.

Corpse Explosion, nayo kuanzia kiwango cha 6. Inalipua maiti, na mlipuko unafuata ukubwa wa damu aliyokuwa nayo marehemu. Adui wa kwanza akianguka, waliomzunguka wanafuata. Ukiizoea hutaki kucheza bila hiyo.

Raise Skeleton ikijaa, hamia Skeleton Mastery mpaka 20, kisha Corpse Explosion. Usishangae kuona idadi ya askari inapanda polepole: pointi tatu za kwanza kila moja inakupa askari mmoja, baada ya hapo askari mmoja kwa kila pointi tatu. Ukifika 20 bila msaada wa vifaa, unao wanane. Pointi zilizo katikati hazipotei, zinawakomaza waliopo.

Onyo: kosa kubwa la wageni ni kujaza Skeletal Mage na golemu wa kila aina kwa sababu wanapendeza. Pointi zilizogawanywa huku na kule hazimsaidii yeyote kati yao.

5. Fungua kila kituo na ubebe malango

Kila eneo kubwa lina kituo cha kusafiria, jiwe la mraba lililo chini lenye kuwaka ukilikanyaga. Usipite eneo bila kulitafuta. Kituo ulichokiruka leo ni nusu saa ya kutembea kesho.

Nunua kwa Akara kitabu cha Town Portal na ukijaze. Lango linakupeleka mjini na kukurudisha pale pale. Mifupa yako inavuka nawe, usihofu. Lakini ukitoka kwenye mchezo kabisa, wote wanapotea na utaanza kukusanya jeshi upya. Kwa hiyo usitoke ukiwa mlangoni kwa bosi.

6. Mkomboe Cain mapema

Katika Dark Wood kuna mti wa Inifuss. Chukua hati yake, mpelekee Akara aisome, kisha nenda Stony Field ubofye mawe matano kwa mpangilio uliotolewa. Lango la Tristram litafunguka. Mzee Cain amefungiwa ndani ya kizimba. Mtoe, na tangu siku hiyo atakutambulishia vitu vyako bure. Kabla ya hapo unalipia hati ya kutambulisha kwa kila pete na kila kofia.

Njiani muue Blood Raven kwenye makaburi ya Burial Grounds, Kashya atakupa mpiga upinde mmoja bure. Mvike nguo nzuri zaidi unazopata. Mamluki wako anakua pamoja nawe, na akifa utamfufua kwa dhahabu.

7. Mtembelee Countess, si mara moja

Yuko ghorofa ya tano chini ya mnara ulioko Black Marsh. Huyu ndiye anayedondosha rune kuliko yeyote katika sehemu ya kwanza. Muue, toka, ingia tena, rudia. Nje ya mtandao ramani haibadiliki ukirudi kwenye ngazi ile ile ya ugumu, hivyo ukishaijua njia ya mnara, ni mwendo wa dakika chache.

Unatafuta rune mbili: Tal na Eth. Zikiwa kwenye deraya ya mwilini yenye matundu mawili, kwa mpangilio huo, zinatengeneza Stealth, inayovaliwa kuanzia kiwango cha 17. Inakuongezea kasi ya kutembea na ya kurusha ujuzi, mana inarudi haraka, na kinga ya sumu inapanda kwa 30. Kwa rune za bei ya chini namna hii, hakuna kitu kizuri zaidi kwa mgeni.

Onyo la kusoma mara mbili: neno la rune, yaani mchanganyiko wa rune kama Stealth, linakubali kifaa cha kawaida tu, kile ambacho jina lake ni la kijivu na kina matundu. Jina likiwa la bluu, la njano au la dhahabu, rune zitakaa humo kama mapambo. Idadi ya matundu iwe sawasawa na idadi ya rune, si zaidi wala pungufu. Mpangilio usikosewe: Tal kwanza, Eth baadaye.

8. Andariel, bosi wa kwanza

Anakaa Catacombs, ghorofa ya nne. Silaha yake ni sumu. Nunua kwa Akara dawa za kuzuia sumu, kunywa nne au tano kabla ya kufungua mlango, mnyweshe na mamluki. Safisha wadogo wa chumba chake kwanza ili maiti ziwepo, kisha rusha Amplify Damage na uwaache askari wafanye kazi. Askari akianguka, inua mwingine papo hapo.

9. Jangwani: fimbo, funza na Duriel

Sehemu ya pili, Lut Gholein, ndipo watu wengi wanapoachia njiani. Hapa nitakwenda taratibu.

Anza na Radament kwenye mitaro iliyo chini ya mji. Kitabu anachoacha kinakupa pointi ya ujuzi. Usisahau kukibofya kulia ukisome. Nimeona watu wakikibeba mpaka sehemu ya nne.

Kisha chukua Horadric Cube katika Halls of the Dead, ghorofa ya tatu, kule Dry Hills. Ni kisanduku cha kuchanganyia vitu, na pia kinaokoa nafasi: kinachukua miraba minne ya mkoba na ndani kina miraba kumi na miwili. Fimbo iko Maggot Lair chini ya Far Oasis, na kidani kiko Claw Viper Temple. Viweke vyote viwili ndani ya Cube, bofya kitufe cha kugeuza, unapata Horadric Staff, fimbo utakayoipachika kaburini ili kufungua njia ya kwa Duriel.

Maggot Lair ni adhabu kwa mwenye mifupa. Vichochoro ni vyembamba, askari wako watapanga foleni nyuma yako huku wewe ukigongana na mende. Dawa yake ni kumwita golemu mbele yako, mbele kabisa. Yeye anaziba njia, wewe unarusha laana, na maiti ya kwanza ikipatikana unailipua. Askari wakikwama mbali, endelea mbele tu. Ukizidi kuwa mbali nao wanajitokeza karibu yako wenyewe.

Muue Summoner katika Arcane Sanctuary, soma kitabu kilicho karibu naye, uingie lango jekundu. Utaona makaburi saba. Usiingie yote. Fungua orodha ya misheni: kuna alama moja imechorwa pale. Kaburi lenye alama hiyo mlangoni ndilo lako.

Sasa Duriel. Chumba chake ni kidogo, hakina maiti za kufufua, na anakurukia mara tu unapoingia, akiwa na baridi inayokupunguzia mwendo. Fanya hivi. Kusanya jeshi kamili ndani ya kaburi kabla ya kupachika fimbo. Fungua lango la mjini nje ya chumba, nenda ukajaze mkanda dawa nyekundu, kunywa dawa kadhaa za kuyeyusha baridi, rudi. Ukiingia tu, mwite golemu juu ya Duriel, rusha Amplify Damage, halafu usifanye kitu kingine zaidi ya kunywa na kumrudisha golemu kila anapovunjika. Golemu wa udongo anamfanya Duriel awe mzito, na Duriel mzito si yule anayetisha watu. Ukizidiwa, fungua lango, toka upumue. Damu yake haitarudi yote ukienda haraka.

Mkanda nao una maana hapa. Bila mkanda una nafasi 4 za dawa, mikanda midogo inakupa 8, ya kati 12, mikubwa 16. Usiende kwa Duriel na nafasi 4.

10. Msituni kwa haraka

Sehemu ya tatu ni msitu unaochosha macho, na siri yake ni kufuata ukingo wa mto. Unakusanya viungo vya Khalim, kuhani aliyeuawa: jicho katika Spider Cavern, ubongo katika Flayer Dungeon, moyo kwenye mitaro ya Kurast, na rungu kutoka kwa wazee wa Travincal. Vyote vinne ndani ya Cube, upate silaha ya kuvunja tufe linaloziba njia ya kwa Mephisto, bosi wa sehemu hii.

Swali linaloulizwa sana: "Lile tufe la Travincal halivunjiki." Ni lazima uishike mkononi silaha iliyotoka kwenye Cube, kisha ulipige tufe kwa silaha hiyo. Askari hawawezi kukufanyia.

Usiache mambo mawili ya pembeni: ndege wa dhahabu, anayekuletea dawa ya kuongeza damu 20 daima, na kitabu cha Lam Esen, kinachokupa pointi 5 za mwili. Mephisto akikuta jeshi limekamilika hana makuu.

11. Kuzimu na mihuri mitano

Sehemu ya nne ni fupi. Muue Izual kwenye Plains of Despair, kisha ukirudi mjini Tyrael anakupa pointi 2 za ujuzi kwa mpigo. Vunja jiwe la Mephisto kwenye Hellforge, utapata vito na rune.

Katika Chaos Sanctuary unafungua mihuri mitano, na mitatu kati yake inaamsha vikosi vya walinzi. Fungua mmoja, maliza vita, jaza askari, ndipo uende mwingine. Diablo akitoka, jihadhari na mwali mwekundu anaouvuta kama mstari. Usisimame nyuma ya askari wako ukamtazama uso kwa uso. Zunguka kando. Golemu kama kawaida, mbele.

12. Milimani mpaka kwa Baal

Katika sehemu ya tano kazi ya kwanza ya maana ni kuwakomboa wanajeshi kumi na watano walioshikwa. Qual-Kehk anakushukuru kwa rune tatu: Ral, Ort na Tal. Usiziuze. Ziweke kwa mpangilio huo kwenye ngao ya kijivu yenye matundu matatu, inakuwa Ancient's Pledge, ngao ya kinga zote nne kwa pamoja. Larzuk naye, ukimaliza misheni yake, anatoboa matundu kwenye kifaa kimoja utakachomletea.

Mkomboe Anya kwenye barafu. Hati anayokupa Malah, mganga wa mjini, inaongeza kinga zote kwa 10 daima. Kuna watu wanairuka misheni hii kwa haraka ya kumfikia Baal, kisha wanalia ngazi inayofuata.

Wazee watatu wa mlimani, sanamu zinazolinda njia ya kwa Baal, wanakutaka uwe angalau kiwango cha 20 katika ngazi ya Normal. Ukienda mjini katikati ya pambano, wanarudi mawe na kuanza upya na nguvu tofauti. Itumie hiyo kwa faida yako: ukiona wametokea na nguvu zinazokuzidi, toka, rudi, watabadilika.

Baal anatuma vikosi vitano kabla hajakimbilia chumba cha ndani. Simama mbali na kiti chake, lipua maiti, na kati ya kikosi na kikosi jaza mkanda.

KABLA YA NIGHTMARE, TAZAMA KINGA

Hii ndiyo nadharia pekee nitakayokupa. Fungua ukurasa wa mhusika kwa kitufe cha C, tazama namba nne za kinga: moto, baridi, radi, sumu. Kikomo cha kawaida ni 75. Ukiingia Nightmare kila moja inapunguzwa 40, na ukiingia Hell inapunguzwa 100. Aliyemaliza Normal akiwa na kinga 20 anajikuta Nightmare yuko chini ya sifuri, na hapo radi moja ya kijini kidogo inatosha. Kufa nako kunaanza kukugharimu: Normal hupotezi uzoefu, Nightmare unapoteza asilimia 5 ya uzoefu wa kiwango ulichopo, Hell asilimia 10.

Kwa hiyo kuanzia katikati ya safari, ukichagua kati ya kifaa chenye nguvu na chenye kinga, chukua chenye kinga. Askari wako ndio wenye nguvu.

Ukifika Lut Gholein ya Nightmare, nenda kwa Greiz uajiri mamluki wa aina ya ushambuliaji. Huko anakuwa na aura ya Might, inayowaongezea nguvu askari wote walio karibu naye.

YAKIKWAMA

Nimekufa na vitu vyangu vyote viko kwenye maiti yangu huko ndani. Usivae mabaki na kukimbilia mara ya pili, maana utaacha maiti ya pili. Toka kwenye mchezo kwa Save and Exit, ingia tena: maiti yako itakuwa mjini. Ila kama zimekuwa nyingi, inabaki moja tu, ndiyo maana nasema usirudie rudie kufa.

Kifaa kinaonekana chekundu na hakivaliki. Elekeza kipanya juu yake usome mahitaji. Mara nyingi ni Strength au kiwango.

Silaha imevunjika. Wafua chuma wanakarabati kwa dhahabu. Isipokuwa ile yenye neno Ethereal, hiyo haikarabatiki, afadhali umpe mamluki, kwake haichakai.

Nakimbia kidogo nachoka. Deraya nzito inakula pumzi. Vaa nyepesi mpaka upande viwango.

Napanda kiwango polepole na niko peke yangu. Nje ya mtandao bonyeza Enter uandike /players 3. Maadui wanapata damu zaidi na uzoefu unaongezeka. Namba inafika 8. Anza na 3, na uirudishe 1 unapokwenda kwa Duriel.

Resurrected inakwama kwama. Punguza ukubwa wa picha kwenye mipangilio, zima vivuli. Bonyeza G uone mchezo unavyoonekana kwa picha za mwaka 2000, wengine tunabaki huko huko kwa mapenzi.

Mhusika wangu hayupo kwenye orodha. Tazama juu ya orodha: kuna upande wa mtandaoni na wa nje ya mtandao. Karibu kila mara uko upande usio wako.

Nabadilisha kompyuta, nitampoteza? Mhusika wa mtandaoni yuko kwenye seva, utamkuta. Wa nje ya mtandao yuko ndani ya folda ya Saved Games, kwenye folda ndogo iitwayo Diablo II Resurrected. Nakili folda nzima kwenye flashi, si faili la mhusika peke yake, kwa sababu sanduku la pamoja la kuhifadhia vitu lina faili lake. Fanya hivyo hata kama hubadilishi mashine, kila baada ya bosi mkubwa.